Saa Moja Mbele ya Kabati la Moto

Kwa Nadine, na kwa ninyi wote mnaobaki jikoni,

Kwenye mlango wa friji yenu pale Saint-Josse, hapa Brussels, kuna karatasi iliyoshikwa na sumaku ya nyanya. Imeandikwa kwa herufi kubwa: SAA MOJA. SHERIA YA TONTON MODESTE. Maana yake mnaijua. Hakuna kununua kabati la moto wala bain-marie, lile beseni la maji ya moto la kuwekea chakula, iliyokwisha kutumika mpaka iwake mbele ya macho yenu saa moja nzima. Karatasi hiyo ilishawagharimu mara moja, na mimi tonton, mjomba wenu wa heshima, mwenye sheria, nikanyamaza. Sasa nimestaafu, nina muda mwingi kuliko milima ilivyo na mawe, basi nimeketi kuandika. Nitaanza mwanzoni, maana nikianza na mwisho mtaacha kusoma.

Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo sikuvipata, na mishahara ilikuwa inaniruka yenyewe.

Msishangae pia Kiswahili hiki cha vitabu. Tukiongea tunaongea vyetu, lakini mwalimu wangu wa Lubumbashi akisikia nimeandika "batu" badala ya "watu" atafufuka, na nauli ya kuja Brussels ataipata.

Bon. Siku ya kwanza nilipoingia katika mkahawa wa Maman Béatrice, mama yake Nadine, mvua ilikuwa inanyesha kwa namna ambayo Nuhu angeomba radhi. Alinipa aproni na sahani za kuosha, sahani laki mbili hivi. Jiko lilikuwa refu na jembamba kama korido ya treni. Wapishi wawili wakipishana, mmoja alipaswa kuvuta tumbo ndani. Kitu nilichokiona kwanza si jiko. Ni mablanketi. Maman Béatrice alikuwa anapika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo tangu asubuhi, kisha anafunika masufuria kwa mablanketi ili yabaki na moto hadi wateja waje. Moja lilikuwa na picha ya simba, la Nadine mwenyewe alipokuwa mdogo. Nimekula bukari iliyotoka chini ya simba, na sijaona hoteli ya nyota tano inayoifikia.

Lakini mkaguzi wa vyakula hakumpenda simba. Alisema chakula cha moto kikae juu ya digrii sitini, ndani ya mashine, si kitandani.

Maman Béatrice alijua kwamba jioni nasoma umeme, cours du soir, madarasa ya watu wazima. Tulikuwa dereva wa tramu mmoja, padri aliyeacha upadri, mwanamke mmoja wa Liège aliyekuwa na hasira na mume fundi, na mimi. Nilimaliza wa kwanza katika darasa. Kufikia mtihani tulikuwa tumebaki watatu, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

"Modeste," Maman Béatrice akaniambia, "weye unasomaka courant. Enda, utafute armoire chauffante. D'occasion. Mupya hatutaiweza."

Nikaenda mpaka karibu na Gent, kwa mtu aliyekuwa anafunga mkahawa wake, nikakuta kabati la moto la chuma, refu kama mnara wa kanisa, linang'aa mpaka nikajiona ndani nikiwa kijana zaidi. Nililigusa, nikalifungua, nikalifunga. Mlango ulilia *klok* kama wa gari la rais. Nikalipa, likaja. Nikaliunganisha mwenyewe, na cheti changu kikiwa mfukoni.

Siku hiyo kulikuwa na sherehe ya komunyo ya kwanza, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Tukapanga sombe, samaki, mchele, kila kitu ndani ya kabati. Taa nyekundu ikawaka. Baada ya nusu saa mzee mmoja wa Likasi alionja, akaweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Papa Modeste, hii sombe iko na baridi kama bureau ya commune."

Maman Béatrice akatoka jikoni. "Weye, ulituletea armoire ao frigo?"

"Maman, inakuja kupata moto."

"Inakuja lini? Batu beko mu table!"

Wakarudi simba na mablanketi yake. Mimi nikarudi kwenye sahani laki mbili.

Kosa lenyewe ni hili, na lishikeni, maana ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya. Nyumbani Lubumbashi umeme wa mashine kubwa ni wa aina moja. Volti mia tatu themanini, basi. Swali letu kubwa siku zote lilikuwa kama upo, si kama ni upi. Kumbe katika nyumba nyingi za zamani za Brussels, nyaya tatu za umeme hubeba mia mbili na thelathini tu, hazina waya wa nne. Kabati langu la Gent lilizaliwa kwa ajili ya mia nne, karibu sawa na umeme wa kwetu. Hapa lilikuwa linapata theluthi moja ya nguvu zake. Halikuwa bovu, maskini. Lilikuwa halijafika kwao. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye kibao kidogo cha chuma mgongoni mwake, na mimi nilitazama mbele tu, nikijitazama uso.

Aliyenionyesha kibao hicho ni Monsieur Armand. Mzee huyu, mtu wa Brussels wa mababu na mababu, alikuwa na depo ya mashine za jikoni zilizotumika, kando ya mfereji upande wa Molenbeek. Nilimwendea nikitafuta mtu wa kunibadilishia kabati. Akaniuliza natoka wapi.

"Lubumbashi."

"Huko umeme wenu wa ngapi?"

"Mia tatu themanini, ukiwepo."

"Na Saint-Josse?"

Nikakohoa. Alikuja na bisibisi moja, akafungua mgongo wa kabati, akahamisha vipande vitatu vya shaba kutoka hapa kwenda pale, akafunga. Robo saa. Jioni hiyo sombe iliunguza ulimi wa yule mzee wa Likasi, akalalamika tena, nami nikafurahi kuliko siku ya ndoa yangu.

Tangu siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wa Armand kila Jumamosi, kwa miaka mingi. Maman Béatrice alinipa kazi ya kununua na kutengeneza. Halafu rafiki zake wenye migahawa wakaniazima, halafu wapishi wa harusi, halafu majiko ya makanisa. Nimenunua mashine elfu tano. Mke wangu Véronique husema hamsini. Tuseme elfu mbili.

Armand hakuwa msemaji. Alifundisha kwa mkono. Kwanza alisoma kibao cha mgongoni. Kisha aliinama kunusa mpira wa mlango: ukinuka mafuta ya kale, umechoka, moto utapita. Kwenye bain-marie alipitisha kucha chini ya beseni, maana maji ya hapa yana chokaa ya kutosha kujenga ghorofa, na chokaa ikifunika résistance, ule mrija wa chuma unaotoa moto, basi unalipa kuchemsha mawe. Mwisho alitoa mfukoni vipande vitano vya mkate. Kimoja kila rafu ya kabati. Anawasha, anafunga, anangoja. Akifungua, mkate unamwambia yote. Wa juu umekauka na wa chini bado laini? Feni imekufa. Yote imekauka sawasawa? Nunua.

Kungoja huko alikupima kwa saa ya jikoni yenye umbo la kuku, ya plastiki ya njano. Unamzungusha kiuno, anatembea *trr, trr, trr*, muda ukiisha analia. Armand alisema mashine ikiwa baridi ni muongo mzuri. Ungoje mpaka iwake, ijizime yenyewe mara tatu na kuwaka tena, na chuma chote kipate joto hadi ndani. Kama kuna unyevu ndani ya résistance ndipo utajulikana, kwa sababu kikatizi cha umeme ukutani kitaruka *pa!* na mwenye mashine atasema hajawahi kuona kitu kama hicho.

Kisha mkate ule ulikuwa unaliwa. Hiyo ndiyo desturi. Anayenunua na anayeuza, kila mmoja na kipande chake, kwa siagi kama ipo. Nilimuuliza Armand kwa nini. Akasema, "Huyu mtu leo anauza jiko lake. Utamwachia na makombo?"

Nalirudia neno hilo kwenu, vijana. Hakuna anayeuza kabati la moto kwa furaha. Magoti yamekwisha, au mume amekwenda, au wateja wamehamia mtaa mwingine. Nimeingia katika majiko mengi kuliko mkaguzi, na karibu yote yalikuwa yanakufa. Unapita kwenye meza zilizopinduliwa viti juu, menyu ya mwezi uliopita bado iko ubaoni, na mtu mmoja amesimama na koti lake. Mkipata bei nzuri msishangilie ndani. Shangilieni kwenye gari.

Armand alipofariki, binti yake alinipa kuku. Alikuwa amefungwa kwenye gazeti, bila barua.

Mwaka huohuo Véronique alikwenda Lubumbashi kumuuguza mama yake. Miezi mitatu, tulisema. Mama mkwe alipona. Sasa ana nguvu za kutuzika sisi sote na kucheza ngoma baadaye. Lakini Véronique alikuta jua, na dada zake, na cherehani. "Mwaka kesho, Modeste." Mwaka kesho umekuja mara nyingi, kila mara peke yake. Hatukugombana. Tunaongea Jumapili, anaiweka simu mezani katikati ya watu, na ninasikia sahani kuliko ninavyomsikia yeye. Nami nacheka kwa sauti, ili huko wajue kwamba huku kuna watu.

Huku ni Molenbeek, ghorofa ya tatu, jiko la moto mmoja. Mtu aliyewatafutia watu mitambo ya kuweka moto chakula cha mia mbili, kwake anakula akiwa amesimama, kutoka kwenye sufuria, ili asioshe sahani.

Ndipo ilipoanza sheria ya saa moja.

Niliwaambia imetokana na Monsieur Fausto, Mreno aliyekuwa na mkahawa karibu na mfereji, na habari yenyewe mmeisikia mara mia. Alikuwa anauza bain-marie ya mabeseni manne. Nikaiwasha, nikamweka kuku mezani, tukakaa kwenye viti viwili vya mwisho. Fausto akatoa jibini, akatoa zeituni, akanisimulia magoti yake, kwanza la kulia kisha la kushoto. Nikamsimulia mgodi aliofanyia kazi baba yangu, na nikaurefusha kidogo, kilometa tatu hivi kwenda chini. Akaniambia mke wake alikuwa anaimba akikatakata vitunguu. Nje kulikuwa kunaganda, ndani maji yalikuwa yanatoa mvuke, na kioo chote kikaziba mpaka mtaa haukuonekana. Kuku alipolia nikampa mkono, nikanunua. Ile bain-marie haikuharibika miaka kumi! Kwa nini? Kwa sababu tulingoja saa nzima, ndivyo nilivyowaambia. "Mashine ni kama mchumba," nilisema, "dakika za kwanza kila mmoja ni malaika." Mkacheka, mkaandika karatasi, mkaweka sumaku.

Alors. Sasa nafika.

Mwaka jana, Nadine, ulikuwa umeshika jiko la mama yako, na ulikuwa umepata kile ulichokitafuta tangu mwanzo: ofisi moja kule mtaa wa Umoja wa Ulaya, upande wa Schuman, ilikubali uwapelekee chakula cha mchana kila siku ya kazi. Sharti moja: kifike juu ya digrii sitini. Uanze Jumatatu. Alhamisi kabla yake kabati lile la Gent, mzee wetu, likafa. Feni, résistance, vyote pamoja, kama ndoa nzuri.

Ijumaa tukapata jingine Anderlecht, kwa Madame Saïda, aliyekuwa anafunga duka lake la vyakula vilivyopikwa. Kabati dogo, safi, lenye magurudumu, la mia mbili na thelathini. Kama limeshonwa kwa ajili yetu. Nikanusa mpira. Nikaweka mikate. Nikamzungusha kuku. Madame Saïda akaleta chai ya nana na viti vitatu, akaanza kunieleza habari za wanawe walioko Antwerpen ambao hawapigi simu, nami nikajisikia niko nyumbani.

Wewe ulifungua mlango wa kabati, ukatoa kipande cha mkate, ukakivunja. *Kak.*

"Tonton, njo hii. Tubebe."

"Ngoja, mutoto. Heure haiyafika."

"Iko chaud, tonton. Angalia mukate."

"Mukate haina diplôme."

Ukacheka, kwa heshima. Simu ya Madame Saïda ikalia. Akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja, akaniambia kwa Kifaransa: kuna bwana mwingine yuko njiani na kamioneti yake ya mizigo. Mkisema sasa kwamba mnachukua, namwambia arudi.

Ulinitazama. Nakumbuka vizuri ulivyonitazama. Katika watu wetu mtoto hamkosoi tonton mbele ya mgeni, hata mtoto mwenye miaka thelathini na jiko lake na tonton mpumbavu. Ukaingiza mikono mifukoni mwa koti, ukangoja mimi niseme.

Nikasema, "Tunamaliza saa yetu, Madame." Nikanyoosha kikombe niongezewe chai.

Yule bwana aliingia dakika ya arobaini na kitu. Hakunusa, hakusoma kibao, hakuuliza hata jina la mtu. Alilipa, akachomoa waya, akasukuma. Magurudumu yalikuwa mazuri kweli. Mikate yetu minne ikaondoka nalo, ndani.

"Niliwaambia, monsieur," Madame Saïda akasema, na akaanza kukusanya vikombe.

Kwenye gari tulifika Porte de Ninove. Halafu ukasema, "Haina shida, tonton."

Jumatatu ulipeleka chakula ndani ya masanduku ya plastiki, umeyafunga vitambaa, na nilisikia kwamba na lile blanketi la simba lilikuwemo. Msimamizi wao alichoma kipimajoto katikati ya nyama ya kuku uliyopika. Hamsini na moja. Akakishukuru chakula, akakirudisha. Wiki iliyofuata wakampa kazi mtu mwingine.

Mama yako aliniuliza kulitokea nini. Nikamwambia bahati mbaya, bwana wa kamioneti. Wewe ulikuwa umesimama hapo, ukamenya ndizi.

Siku mliyoniaga mliweka keki, na mzee wa Likasi, ambaye bado yupo na bado analalamika, alitoa hotuba. Nikakukabidhi kuku. Ukamgeuza mkononi, ukaangalia kiuno chake kwa karibu, ukaniuliza mbele ya wote:

"Tonton, hapa kuna alama. Batu balikwangua na musumari. Ni ya nini?"

"Ah, hiyo? Njo pale jogoo alimudonoa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nimewachekesha miaka yote hiyo, mara moja zaidi haikuwa kazi. Wewe ulitabasamu, ukamweka kuku juu ya rafu, alama ikitazama mbele.

Nadine, alama ile aliikwangua Armand. Ni ya dakika ishirini na tano. Hakuwahi kungoja zaidi, maana katika ishirini na tano mashine imeshajizima mara tatu, chuma kimeshapata joto, mkate umeshasema. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote alipokuwa hai. Kwa Fausto kuku alilia mara mbili. Alipolia mara ya kwanza nilijua kabisa kwamba bain-marie ni nzima, Fausto alikuwa bado kwenye goti la kulia, nikamzungusha kuku tena, nikamwambia, "Bado, bado kidogo." Jioni ile nilifika kwangu sina njaa ya kitu chochote. Basi mashine iliyofuata nikafanya hivyohivyo, na iliyofuata, mpaka ikawa sheria, mkaiandika. Nimerefusha mambo mengi maishani, migodi na minara na sahani, na hakuna aliyeumia. Hili nililirefusha kwa dakika thelathini na tano, na kazi yako ya Schuman ikapita katikati yake ikaondoka.

Toeni karatasi ile. Andikeni ishirini na tano. Na mkate muule na mwenye mashine, hilo Armand hakulikosea.

Ukitaka kuja kunigombeza, ni ghorofa ya tatu, kengele haifanyi kazi, piga mlango kwa nguvu. Njoo na kuku. Usiniambie haina shida. Mzungushe mpaka kwenye alama, umweke mezani, useme yote uliyoyafunga mifukoni siku ile. Akilia, uondoke, una jiko linakungoja. Au umzungushe tena. Safari hii utaamua wewe.